Jani Baya Halipelekwi kwa Mkwe

Homa Bay,
17 Januari 1999.

Mama mkwe wangu mheshimiwa, Mama Phelesia,

Pokea salamu za mkweo, nikiwa nimesimama mbali kidogo na kuinamisha kichwa, kama inavyotakiwa hata kwenye karatasi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti la kushoto limepunguza ubishi wake tangu joto lianze, na wote walio chini ya mkono wako huko Karungu wanakula na kulala vizuri. Sisi huku hatujambo. Binti yako Scovia yuko nyumbani kwetu Kehancha, amenenepa ingawa amenikataza kusema. Emmaculate anaanza darasa la pili, na Byron ameota meno mapya ya mbele, sasa anataka kumuuma kila mtu ili ayajaribu.

Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu wewe hujui Kikuria, na Kijaluo changu kinawachekesha hata mbuzi. Najua utaisoma mwenyewe bila kumwita mtu, maana darasa la ngumbaru pale kanisani lilikutoa na cheti, na cheti hicho Scovia hukitaja kila mara mimi nikijisifia vyangu. Na nimeandika badala ya kuja kwa sababu yapo maneno ambayo mkwe hawezi kumwambia mama mkwe wake uso kwa uso. Wakuria na Wajaluo tumewahi kubishana sana juu ya ng'ombe, lakini kwa jambo la heshima ya mama mkwe tumekubaliana tangu zamani.

Ujumbe uliomtuma Nicanor umefika. Shemeji yangu alikunywa chai, akanywa nyingine, akaomba na ya tatu kabla ya kufungua mdomo, nikajua alichobeba ni kizito. Alisema umesema hutang'oa hata shina moja la mihogo yako kwa ajili ya ugonjwa ambao hakuna mtu amekuonyesha kwa macho. Umesema majani kujikunja ni kazi ya mvua ya El Niño na yatakunjuka yenyewe. Umesema mkweo mwenyewe alituma habari mwezi wa nane kwamba majani yako ni safi, sasa leo anasema ni magonjwa, na mwanamume mzima huwa na ulimi mmoja. Na umesema yule bwana wa ofisi ya kilimo aliyesimama langoni kwako akatangaza mbele ya majirani kwamba shamba lako lina virusi, amekuvunjia heshima ambayo hata ng'ombe hawezi kuirudisha. Nicanor aliongeza kwa sauti ya chini kwamba tangu siku hiyo wanawake katika soko la Sori wanaizunguka mihogo yako bila kuigusa, na mmoja aliuliza kama mtu akiila atapata ule ugonjwa.

Mama, uzito wa neno lako naujua. Wewe ndiwe mikayi, mke wa kwanza wa boma lile. Kwa desturi yenu ya golo kodhi hakuna jembe linaloingia ardhini kabla ya lako. Wake wenzako wanakungoja, wake za wanao wanakungoja, na nyuma yao majirani wote wanakutazama. Atakayekutangulia ameiita chira, laana ya kuvunja mwiko, iingie nyumbani, na chira haina dawa inayouzwa dukani. Kwa hiyo usipong'oa wewe hakuna atakayeng'oa. Nasi hapa kwenye kituo chetu cha utafiti wa mihogo kitalu kimejaa miche safi, na mvua ya kupandia iko karibu. Tukiipanda miche hiyo kando ya migonjwa, ni kama kumlaza mtoto mzima kitanda kimoja na mwenye surua. Usipoanza, mwaka huu watu wa upande wenu watachimba mizizi myembamba kama vidole, na mwaka ujao sijui kama watachimba kitu. Hilo ndilo linalonifanya niandike, mengine yote ni maelezo.

Umesema hakuna aliyekuonyesha. Ni haki yako, hata mimi nisingeng'oa shamba langu kwa maneno matupu. Ndani ya bahasha hii utakuta picha. Nicanor aliitazama akasema ni mchele uliomwagika kwenye saruji, lakini si mchele. Ndicho chenyewe, kirusi cha batobato ya mihogo. Picha hiyo ilipigwa kwa hadubini kubwa ya elektroni ambayo kituo chetu hakina. Hadubini yetu inaonyesha seli za jani na bakteria wanaochachusha maziwa, lakini kirusi ni kidogo mno, mwanga wa kawaida unakipita bila kukigusa.

Tazama vizuri utaona kila kimoja kwa kweli ni viwili, vimeshikana ubavu. Siku ya kwanza nilipoiona picha hiyo nilicheka peke yangu maabara, maana nilikukumbuka wewe, mama wa mapacha, uliyewazaa Pamela na Scovia wangu siku moja. Unisamehe kwa kuwaweka wanao na kirusi kwenye sentensi moja. Lakini ndivyo wataalamu walivyokiita, jamii ya virusi pacha, na hakuna jamii nyingine ya virusi yenye umbo hilo.

Kirusi si mdudu, Mama. Hakina mdomo wala tumbo, hakipumui, na peke yake hakiwezi kuzaa. Ni maagizo tu, uzi mwembamba wa maagizo uliofungwa ndani ya koti la protini, na koti lenyewe limejengwa kwa vipande vinavyofanana vilivyopangwa kwa ustadi ambao fundi wa mjini hauwezi. Kikiwa nje ya mmea hakifanyi lolote. Kikiingia ndani ya seli ya jani, kinaiamuru iache kazi ya kutengeneza chakula, ianze kutengeneza virusi vingine. Jani linapata mabaka ya njano, linajikunja, na mzizi ulio chini unakosa cha kula. Hiki chetu kimegawa maagizo yake sehemu mbili, na kila sehemu ina koti lake. Sehemu moja inajua kujizidisha, nyingine inajua njia ya kutoka seli hii kwenda ile. Moja ikifika bila mwenzake, ugonjwa hauendi mbali.

Sasa nije kwa neno lililokuumiza. Najua siku hizi mtu akisema virusi, kila mmoja anafikiria jambo moja tu, na anatazama ni nani aliyekonda. Lakini virusi si kabila moja. Wanaovichunguza huvipanga kwa kuuliza maswali, kama vile wazee wanavyouliza ukoo kabla ya posa. Huuliza maagizo yaliyo ndani ni DNA au RNA, na ni uzi mmoja au miwili. Huuliza koti lina umbo gani, na kama limefunikwa utando wa mafuta au liko wazi. Huuliza nani anakibeba, na nani anaugua. Surua ina RNA na ina utando. Ugonjwa wa mabaka wa tumbaku, ambao sisi Wakuria tunaujua kwa sababu tumbaku ndiyo inayotulipia karo, kirusi chake ni fimbo iliyonyooka. Kile cha ukimwi ni ukoo mwingine kabisa, kina utando, na makao yake ni damu ya binadamu. Hiki cha mihogo kina DNA ya uzi mmoja uliofungana kama pete, hakina utando, kinabebwa na inzi weupe wadogo unaowaona chini ya majani, na kwa mkono wa mtu anayempa mwenzake miche. Kwenye mwili wa binadamu hakina mlango. Ukila muhogo wenye batobato utakachopata ni njaa tu, kwa sababu mzizi wenyewe ni mdogo. Waambie hivyo wanawake wa Sori. Wakikataa nitakuja niule mbele yao sokoni, na unajua kwamba kula si kazi inayonishinda.

Umeuliza pia habari ya ulimi wangu. Hapo nina kesi, na nitajieleza.

Mwezi wa nane tulipoomba majani ya kupima, ulimpa Nicanor yako ayalete. Yalisafiri kwenye barafu ya samaki aliyotugawia Yakub, yule mfanyabiashara wa hapa mjini, kwa hiyo yalifika yakiwa mabichi na yananuka mbuta. Tuliyasaga, kila jani peke yake. Tuna sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo vingi, na chini ya kila kishimo tumepaka kingamwili, yaani protini inayolijua koti la kirusi hiki na kuling'ang'ania. Tunamimina maji ya jani, tunaosha. Kama kirusi kipo, kitabaki kimeshikwa. Tunaongeza kingamwili nyingine iliyobeba kimeng'enya, kichocheo cha kubadili rangi, tunaosha tena, halafu tunatia dawa isiyo na rangi na kungoja. Palipo na kirusi, dawa inageuka manjano. Pasipo na kirusi inabaki kama maji. Pembeni tunaweka jani tunalojua ni gonjwa na jingine tunalojua ni zima, ili sahani yenyewe isije ikatudanganya.

Yako yalibaki kama maji, yote. Nilifurahi, Mama, nikapita maabara nzima nikimwonyesha kila mtu sahani ya mama mkwe wangu. Jedidah, ambaye ndiye mkubwa wangu kazini, alinipongeza kana kwamba nimelima mimi. Siku hiyo hiyo nikakutumia habari kwamba shamba lako ni safi.

Mwisho wa mwezi nikaenda nyumbani na kujigamba mbele ya Scovia. Aliacha kupepeta mtama, akaniuliza hayo majani yalionekanaje. Nikamwambia mapana, ya kijani, yameoshwa, yamepangwa juu ya kitambaa cheupe chenye maua ya kushona. Alicheka mpaka akakaa chini. Akaniuliza kama tangu nimuoe nimewahi kuwekewa shingo ya kuku nyumbani kwa mama yake. Nikakiri kwamba sijawahi, huwa ni kidari na firigisi. Akasema basi nijue kwamba mama yake hawezi kumpelekea mkwe jani baya, hata kama mkwe ameliomba jani baya kwa barua yenye muhuri.

Na si wewe peke yako. Nilirudi kituoni nikauliza waliokusanya majani upande wa Oyugis na wa Sori, nikaambiwa ni yale yale. Kila mkulima alikuwa amezunguka shamba lake akichagua zuri, akalipangusa vumbi, kwa sababu anayeomba ni mgeni na mgeni hapewi takataka. Tulikuwa tumepima adabu ya watu, mihogo hatukuipima. Jedidah aliposikia alishika kichwa, akasema yeye ni mzaliwa wa Kasipul, Mjaluo anayezijua adabu hizo, na aibu hii ni yake kabla ya kuwa yangu, kisha akaagiza tuanze upya.

Ndiyo sababu tulikuja kwako mwezi wa tisa, mimi na yeye. Ulitupokea kwa heshima ambayo bado naisimulia. Mimi nilikaa kibandani kwa Nicanor, mahali pa mkwe, nawe ukaingia shambani na Jedidah. Njiani tukirudi aliniambia kwamba kila alipoinama kwenye shina lililojikunja, ulimshika kiwiko kwa upole ukamgeuza kwenye lililo zuri, na kwamba ilibidi akuambie ameangusha kalamu ndipo apate kuchuma. Msamehe, alikuwa kazini.

Majani hayo ya pili yaligeuka manjano, Mama. Manjano ya kiini cha yai, kishimo baada ya kishimo, mstari wako wote wa ule muhogo mtamu mweupe unaosifiwa mpaka Sori. Ulimi wangu ni mmoja, majani ndiyo yalikuwa ya aina mbili. Nilipaswa kuja kukuambia mwenyewe. Niliogopa, nikaiachia ofisi ya kilimo, nao wakamtuma mtu asiyejua kwamba neno kama lile halisemwi langoni. Jedidah amekwisha kumwita bwana huyo, na atakuja kukuomba radhi mbele ya majirani wale wale. Nimemwambia asije mikono mitupu.

Sasa, kama umesimama, naomba ukae. Kuna jambo ambalo nimelibeba tangu siku ile, na Nicanor ananitazama kwa jicho baya kila nikimkumbusha.

Siku ile ile ya mwezi wa tisa, mkiwa shambani, nilitaka kwenda msalani. Nilifuata kijia nilichodhani ndicho, nikapinda mahali ambapo sikupaswa kupinda, nikajikuta nyuma ya nyumba yako, kando ya uzio wa mahali unapoogea. Mama, sikuona kitu isipokuwa uzio. Lakini mkwe nyuma ya nyumba ya mama mkwe ni mkwe aliyepotea kweli kweli, kwenu na kwetu. Nilitaka kukimbia. Ndipo nikaona pale yanapotokea maji ya kuogea, shina moja la muhogo, jembamba, jekundu kwenye vikonyo. Kulia kwake na kushoto kwake yale matamu yalikuwa yamejikunja kama ngumi. Lenyewe lilikuwa limenyoosha kila jani. Na usidhani inzi weupe hawalijui, maana nililigusa wakaruka kama unga uliopulizwa. Wamelinyonya kama wanavyonyonya mengine, na ugonjwa haukuliweza.

Mtu mwenye akili angeondoka. Mimi nilichuma jani nikalitia mfukoni, nikarudi kibandani na kukaa kama mtakatifu.

Jioni nilimuuliza Nicanor, naye alishtuka kwanza kwa kujua nilikopita. Baadaye akanieleza kwamba huo ni muhogo mchungu uliokuja nao ukiwa bibi arusi, umetoka kwa nyanya yako. Alisema humpi mtu yeyote. Wageni hawauoni, majirani hawauombi, kwa sababu hutaki itajwe popote kwamba Phelesia alimpa mtu uchungu. Mtamu ndio uliogawa, kwa kila mke wa mwanao, kwa kila jirani, kwa kila aliyekuja kukuamkia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ule mtamu ulikuwa umekwenda na ugonjwa wake kila ulikokwenda wema wako. Usijilaumu hata kidogo. Hakuna aliyejua, na inzi wangeufikisha huko tu, ingawa kwa kuchelewa. Lakini nimeahidi ulimi mmoja, kwa hiyo nimekuambia.

Jani la nyuma ya nyumba lilibaki kama maji. Jedidah hakuniamini, akasema huenda na mimi nimejifunza kuchagua mazuri. Tukarudia, likabaki vile vile. Ndipo nilipomsihi Nicanor akate vijiti vya shina lile, na alivikata huku akikuogopa, kwa hiyo usimkasirikie sana. Tulipanda vijiti hivyo ndani ya banda la wavu ambamo inzi haingii, na vilipochipuka tukaunganisha juu yake tawi gonjwa kabisa, ili kirusi kiingie kwa nguvu, kisiweze kusema kilikosa njia. Miche ya ule mtamu tuliyoifanyia hivyo ilijikunja yote. Ule mchungu uliugua kidogo kwenye majani ya chini. Kisha ukatoa majani mapya, yamenyooka, tukayapima, na maji hayakugeuka. Juzi tumeyapima tena. Hayakugeuka.

Mama, tunayo miche safi kitaluni, lakini ile ni safi kwa sababu tumeificha ndani ya wavu. Huu wako ni safi nje, kwenye inzi, kando ya wagonjwa, na hakuna aliyeusaidia isipokuwa maji yako ya kuoga. Katika mashamba yote tuliyopita kuanzia Oyugis mpaka ziwani hatujaona mwingine kama huo. Siku hizi natembea Homa Bay kifua mbele, wanaonijua wananiuliza kama nimepandishwa cheo. Nawaambia zaidi ya cheo, mimi nimeoa kwa Phelesia. Jedidah alitaka muhogo huo uandikwe kwa namba, kama tunavyofanya kwa mingine. Nikasimama nikamwambia mmea uliotunzwa na mtu miaka yote hiyo haupewi namba kama mfungwa. Akanitazama, akachukua kalamu, akaandika jina lako. Usipolitaka litafutwa, lakini mimi nitasikitika.

Wapo waliotaka tuje na askari wa chifu, tung'oe kila kitu kwa nguvu kabla ya mvua. Niliwaambia kwenye mkutano kwamba wakifanya hivyo, watu watazika vijiti usiku na kuvipanda tena asubuhi, ugonjwa utabaki na chuki itaongezeka. Nikawaambia katika boma lile yuko mama mmoja ambaye akishika jembe, boma zima linashika, na kijiji kinafuata, bila askari hata mmoja. Walinicheka kidogo, lakini wamekubali kungoja mpaka mvua. Sikuwaahidi kwamba utakubali, kwa sababu neno lako si langu la kuahidi. Niliwaambia nitakuuliza.

Basi nauliza. Ng'oa ule mtamu kwa mkono wako mwenyewe, Mama, wewe wa kwanza, uuchome. Kisha panda huu ulioona haya kuuonyesha, na baada yako wake wenzako wapande, na wake za wanao, na majirani. Uchungu wake dawa yake unaijua kuliko maabara yetu, ni kuloweka, kuanika na kusaga, na ugali ukishaiva hakuna anayeuliza. Kuhusu kosa langu la nyuma ya nyumba, taja unachotaka. Nicanor anasema ni kondoo dume. Mimi nasema Nicanor alete miguu miwili ya huyo kondoo, maana panga alishika yeye.

Nilitaka kuishia hapo, lakini Scovia amesema nisifunge bahasha bila hili.

Utakumbuka nyumba yetu ilipokuwa mpya, ulikuja kumwona, ukashuka Kehancha na mzigo wa miche ya ule muhogo mtamu kichwani, ukakataa kupokewa na mtu. Muhogo huo ndio walioachishwa nao wajukuu wako kunyonya. Mwezi uliopita Scovia alinipa majani yake nipime, na safari hii alinichagulia mabaya bila kuambiwa. Yaligeuka manjano. Jumamosi alitoka na jembe asubuhi. Nilitaka kumsaidia akanifukuza, akasema yeye ndiye mke wa kwanza wa nyumba hii, na wa mwisho, nisisahau, na kuanza ni kwake. Aling'oa shina kwa shina akilia waziwazi, watoto wakimfuata, na Byron alipookota kijiti kimoja ili akifiche, alimpokonya akakitia motoni. Mimi nilikaa mlangoni nikiwa na huzuni kwa ajili yako, lakini pia nilijivunia, maana nilikuona wewe pale, umevaa kanga ya binti yako.

Moto ulipozimika alinawa, akaniambia nikuandikie maneno haya bila kuongeza langu. Anasema hakukutangulia, kwa sababu kwako ni kwako na kwake ni kwake. Anasema shamba lake sasa ni tupu na limelimwa, na miche yetu ya kitaluni ameikataa. Hatapanda kitu mpaka umletee wewe, kwa mkono wako, ule muhogo mchungu ambao hukuwahi kumpa.

Wasalimie wake wenzako mmoja mmoja kwa majina yao, na Pamela akija kukuona mwambie pacha wake anamdai ziara. Mungu akulinde, akulindie na goti.

Ni mimi mkweo, mwenye heshima zote ulizonifundisha na chache nilizozivunja,

Gisiri Nchagwa.